Kabla Hujashusha Injini ya Fuso

Dereva akiingia gereji na kuniambia "Fundi, injini imekufa," huwa simjibu. Namwambia ashuke, aagize chai pale kwa mama, akae. Injini iliyokufa kweli haitafufuka kwa sababu nimekimbia, na ambayo haijafa inaweza kuuawa na fundi mwenye haraka.

Nipo Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Wateja wangu ni Fuso za mbao, Isuzu za viazi na mahindi, na mara mojamoja kichwa cha Scania kilichokwama njiani. Nilianza mwaka 1998 nikiosha spea kwa dizeli kwenye beseni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya huku. Tangu wakati huo nimeshusha injini nyingi, na baadhi yake, leo nakiri, hazikustahili kushushwa. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kijana aliyeshika spana mwaka wa kwanza au wa pili, na ya tajiri mwenye gari moja tu anayetaka kujua kama fundi wake anamweleza ukweli.

Nitatumia Fuso yenye injini ya 6D16 kama mfano, maana ndiyo ninayoweza kuifungua nimefumba macho: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 7.5, pampu ya dizeli ya kimakanika, hakuna kompyuta. Ndugu yake 6D17 ni ya lita 8.2 na magonjwa yao yanafanana. Gari lenye komoni reli, yaani mfumo wa dizeli wa presha kubwa unaoongozwa na kompyuta, ni habari nyingine, na nitakuambia mahali pa kusimama.

Msikilize dereva, halafu msikilize utingo

Maswali yangu ni haya. Lilianza ghafla au kidogo kidogo? Likiwa baridi au likishapata moto? Na mzigo au tupu? Mlimani au hata tambarare? La mwisho: kabla ya hapo nani aligusa nini?

Hilo la mwisho dereva hulimung'unya. Jibu huja baadaye, dereva akiwa ameenda msalani, utingo anasogea na kusema kwa sauti ya chini: "Fundi, juzi tuliongeza dizeli ya madumu." Basi, nusu ya kazi imekwisha. Unafungua filta ya dizeli, unamimina kilichomo kwenye chupa ya maji ya plastiki, unaiacha dakika chache juu ya bampa. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mpaka wake utauona kwa macho.

Gari halina nguvu: anzia nje ya injini

Vijana wengi hukosea hapa. Wakisikia "halina nguvu" wanawaza ringi za pistoni na nozeli za dizeli. Mimi naanza na matairi. Dereva akifika tu, kabla gari halijapoa, pita na kiganja karibu na kila ringi la tairi, usiguse. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki imeshika, na injini haina kosa lolote, inavuta gari lililofungwa kamba.

Kisha klachi. Mlimani mizunguko inapanda, gari halipandi, na kuna harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Hiyo ni klachi inayoteleza.

Kisha waya wa mafuta. Mtu akanyage hadi mwisho, wewe uangalie mkono wa pampu kama unafika kwenye kizuizi chake. Niliwahi kupewa gari lililozunguka kwa mafundi watatu, kumbe zulia jipya la dereva lilikuwa linazuia pedeli.

Filta ya hewa, bila shaka. Usiipige chini na kuirudisha, maana karatasi ikichanika vumbi linaingia ndani na kusaga silinda. Angalia pia breki ya ekzosi. Kile kifuniko chake kwenye bomba kikikwama nusu, gari linakosa pumzi, linachemsha, linatoa moshi mweusi, na kila fundi anasema pampu. Mwambie utingo awashe na kuzima swichi ya breki hiyo huku unautazama mkono wa kifuniko chini. Ukisogea kidogo tu na kubaki hapo, umempata mwizi.

Mwisho, fungua kifuniko cha tangi la dizeli. Kikivuta hewa kwa kishindo, tundu lake la kupumulia limeziba.

Gari haliwaki

Kama starta inazungusha kwa kuvuta miguu, usiiguse injini bado. Betri ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Pima zote mbili pamoja wakati starta inazungusha. Zikianguka chini ya 19 hivi, tatizo ni betri, vituo vya betri vyenye ukungu wa kijani, au waya wa athi (wa kurudishia umeme) kati ya injini na chesisi. Huo wa athi unasahaulika sana. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na nimeshaona waya wa klachi ukiwa wa moto kwa sababu umeme wa starta ulikuwa unapita humo.

Kama inazungusha vizuri, toka nje utazame ekzosi. Hakuna moshi hata kidogo? Dizeli haifiki kwenye silinda. Kuna moshi mweupe lakini haiwaki? Dizeli inafika, haiungui. Tofauti hiyo moja inakuokoa siku nzima.

Isipofika, angalia kwanza kama mkono wa kuzimia umerudi mahali pake. Halafu toa upepo: legeza skrubu juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu. Kisha legeza nati za mabomba ya nozeli mbili au tatu, zungusha starta, na dizeli ikianza kuruka kaza moja baada ya nyingine. Ikiwaka na kuzima baada ya muda, kuna mahali inavuta upepo, na mahali hapo ni kati ya tangi na fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta dizeli. Usitafute uvujaji wa dizeli upande huo. Pale hewa huingia, dizeli haitoki. Tafuta mpira uliokauka na washa (kipete cha kuzuia uvujaji) iliyotumika mara tano.

Hapa ndipo pa kusimama niliposema. Kwenye gari la komoni reli usilegeze bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma. Presha yake inazidi baa 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli unapenya ngozi kama sindano. Utaona kidoti tu, hakiumi sana, kesho mkono umeoza. Akipatwa mtu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Moshi

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: filta, mpira wa tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) uliochanika, nozeli zinazodondosha, au mzigo tu umezidi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe una sura mbili na pua ndiyo inayoamua. Ukikuchoma macho na kunuka dizeli mbichi, ni dizeli isiyoungua, na asubuhi ya Julai huku kwetu injini iliyochoka kidogo itautoa dakika chache kisha itatulia. Usimshushie mtu injini kwa moshi wa asubuhi. Lakini ukitoka mwingi hata injini ikiwa ya moto, na maji kwenye rejeta yanapungua bila kudondoka popote, basi maji yanaingia silinda.

Kupima kama ringi zimechoka sihitaji mashine ya bei. Injini ikiwa ya moto na imetulia, geuza kifuniko cha kumiminia oili juu chini na ukiweke juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, silinda zinapitisha. Ila kwanza hakikisha bomba la kupumulia la injini halijaziba, la sivyo utaihukumu bure.

Kompresa ya upepo, mchonganishi mkubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wamenunua injini nzima kwa kosa la kifaa kinachobebwa kwa mkono mmoja.

Usiku mmoja Fuso ililetwa ikivutwa kwa cheni kutoka upande wa Mafinga. Fundi wa njiani alishatoa hukumu: imenoki, yaani beringi za ndani zimekufa. Tajiri alikuwa kwenye simu akiulizia bei ya injini Dar. Dereva, mtu mzima kuliko mimi, amejifunga shuka juu ya koti.

"Mzee, shikamoo. Nani amesema imenoki?"

"Marahaba. Amesema fundi, mwanangu. Na mimi mwenyewe nimeisikia."

Nikaangalia oili, ipo, nikawasha. Mlio ulikuwepo kweli: ko, ko, ko, mzito, unapanda na mizunguko. Nikalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, nikasikiliza, nikakaza, nikaenda ya pili. Silinda yenye beringi mbovu ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na shafti kuu) ukiinyima dizeli mlio wake hupungua au hubadilika, kwa sababu pistoni haipigwi tena kutoka juu. Nilipita zote sita, mlio ule ule. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kwenye bloku mlio ulikuwa mbali kama mtu anayegonga nyumba ya jirani. Nilipoihamishia kwenye kompresa ya upepo, nilitoa kichwa haraka. Tukafungua bomba lake la kutolea upepo ili isisukume presha, mlio ukashuka. Konrodi ya kompresa ilikuwa imelegea. Tajiri alinunua kompresa, na kesho yake saa nane mchana gari likaondoka na mzigo wake.

Hiyo kompresa ina uongo wa pili. Inapozwa na maji ya injini, kwa hiyo gasketi yake ikiungua inasukuma upepo kwenye rejeta. Unafungua kifuniko cha rejeta, unaona mapovu, unasema silinda hedi, kichwa cha injini. Subiri. Legeza lile bomba la kutolea upepo, washa tena, tazama. Mapovu yakiisha, ni kompresa. Yakiendelea, sasa unaweza kuanza kuwaza gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Na kifuniko cha rejeta kinafunguliwa injini ikiwa baridi. Nina kovu kwenye mkono wa kulia la mwaka 2003 linalokumbuka siku niliyojifanya sijui.

Oili inasema

Toa filta ya oili, kata karatasi yake, ikamue, itandaze juani. Ukiona vipande vinavyong'aa, pitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma, mfano giya au ringi. Visivyonata na vina rangi ya fedha au shaba ni beringi au pistoni. Huyo kweli ni mgonjwa.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa, kuna maji. Kama huna uhakika, acha gari lilale bila kuwashwa, asubuhi legeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, taratibu sana. Maji ni mazito, yatatangulia. Oili ikiongezeka badala ya kupungua na inanuka, dizeli inavuja ndani, na fidi pampu ni mshukiwa wa kwanza. Presha usiipime kwa taa ya dashibodi. Funga geji ya mkono pale penye swichi ya presha, injini ikiwa ya moto, usome mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka fulani Fuso ya mfanyabiashara wa mbao ilichemsha kwenye mlima wa Kitonga ikirudi na saruji. Dereva akamimina maji ya baridi palepale, hedi ikapasuka, pistoni mbili zikashika. Hapo hapakuwa na ubishi, injini ilikuwa imekwisha. Tajiri akaleta nyingine kutoka Dar, nzuri, kavu, nikaifunga siku tatu. Rejeta niliipima hivi: nikaingiza mpira wa maji juu, maji yakatoka chini. Nikasema nzima.

Haikumaliza mwezi. Mlima uleule, dereva yuleyule, injini ikachemka tena hadi ikashika.

Maji ya mpira wa bustani yanapita hata kwenye rejeta iliyoziba nusu. Kipimo cha kweli ni kuziba tundu la chini, kuijaza hadi juu, kisha kuliachia mara moja: maji yanatakiwa yaanguke kwa wingi unaojaza tundu lote. Yakitoka kama ya bomba la mtaani siku ya mgawo, rejeta imekufa. Kipimo kingine: injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha kiganja mbele ya rejeta, ukikuta sehemu ya baridi katikati ya joto, hapo mirija imeziba. Angalia na kapulingi ya feni, thamostati, na kifuniko cha rejeta kama kinashika presha.

Injini ya tatu niliifunga bila kudai ufundi. Tangu hapo sishushi injini kabla sijaandika kwenye daftari, kwa sentensi moja, nini kiliua ile ya kwanza. Nikishindwa kuiandika, sishushi.

Kununua injini

Injini nyingi za Fuso tunazofunga ni zilizotumika Japani, zinauzwa Gerezani na kwingineko Dar. Nenda mwenyewe au mtume anayejua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Beba tochi, sumaku na baa ya kuzungushia.

Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa pule ya mbele, mizunguko miwili kamili. Isiwe na mahali pa kugoma. Toa kifuniko cha tapeti: weusi wa kawaida hauna shida, uji mzito uliokauka una shida, kutu ndiyo mbaya kabisa. Toa na nyumba ya thamostati umulike ndani; mwenye injini aliyetumia maji matupu miaka yote utamjua hapo. Chungulia matundu ya manifoldi, injini iliyokaa wazi kwenye unyevu huwa na kutu kwenye valvu.

Halafu linganisha na ya kwako. Sampu ni ya mbele au ya nyuma? Nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, ni ile ile? Ina tabo na yako haina? Namba iliyopigwa kwenye bloku isomeke na isiwe imechezewa. Wakikuambia injini ni kamili, hesabu: starta, altaneta, kompresa, pampu, wota pampu. Injini uchi ni rahisi siku ya kwanza tu.

Dai risiti ya mashine yenye namba ya injini. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini lazima upeleke taarifa TRA, Mamlaka ya Mapato, kadi irekebishwe. Matajiri wanaliahirisha hili hadi siku ya kuuza gari, au siku ya ajali bima inapokuja kukagua.

Kushusha

Gari liwe sehemu tambarare, kabari mbele na nyuma ya matairi. Toa betri, hasi kwanza. Inua kabini na uhakikishe nguzo yake ya usalama imeingia na pini imefungwa. Usiamini pampu yake peke yake. Mwaga maji na oili kwenye chombo, si kwenye udongo wa jirani.

Kabla ya spana ya kwanza, piga picha kwa simu, pande zote, na karibu. Kila waya unapotoka funga kipande cha gundi ya karatasi chenye namba, na namba hiyo hiyo pale ulipotoka. Nati za kila sehemu ziwe na kopo lake. Kijana wangu mmoja alikuwa anajaza zote kwenye ndoo moja "kwa usalama", tukamaliza siku nzima tukitafuta bolti za giaboksi.

Propela shafti ipige alama ya rangi kabla ya kuifungua, irudi ilivyokuwa, la sivyo itatetemeka. Mimi hutoa giaboksi kwanza, kwa jeki ya chini yenye magurudumu, halafu rejeta, halafu ndiyo injini. Wengine hutoa vyote pamoja; wana boriti ndefu kuliko yangu.

6D16 ni mzigo wa karibu nusu tani, na ikiwa na vifaa vyake inazidi. Cheni bloku iwe ya tani mbili, ining'inie kwenye boriti ya chuma yenye nguzo zilizochimbiwa, si kwenye tawi la mti. Shika ndoano za injini zenyewe, mbele na nyuma, usifunge mnyororo kwenye manifoldi. Fungua maunting (vishikizo vya injini kwenye chesisi) za mwisho pale tu mnyororo umeshakaza. Ikishaachia inchi moja, simama, zunguka gari lote, utakuta waya mmoja uliosahaulika. Daima upo. Na mtu asiweke mguu wala kichwa chini yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati.

Kupandisha

Injini mpya ikiwa bado chini ndiyo saa ya kufanya vitu vidogo. Oili sili ya nyuma, badilisha, hata kama inaonekana nzima. Ikivuja baadaye utashusha giaboksi kwa ajili ya mpira. Fungua sampu, toa kifuniko kimoja cha konrodi na kimoja cha meini (beringi kuu za krenki), utazame beringi. Badilisha thamostati na filta zote. Beringi ndogo katikati ya flaiwili izungushe kwa kidole, ikikwaruza, nje. Klachi usirudishe ya zamani iliyobaki unene wa karatasi, eti tajiri hana hela. Atakuwa nayo kidogo zaidi baada ya kulipa ufundi mara mbili.

Seti tapeti, yaani nafasi za valvu, injini ikiwa ya baridi: milimita 0.40, ya kuvuta na ya kutoa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Weka namba 1 juu ikiwa kwenye kompresheni. Utajua kwa sababu valvu za namba 6 ndizo zinazobadilishana. Hapo seti za kuvuta za 1, 2 na 4, na za kutoa za 1, 3 na 5. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, umalizie zilizobaki. Fila geji iteleze kwa kusuguka kidogo, kama noti mpya kati ya vidole vilivyobana.

Klachi ipangwe katikati kwa shafti ya giaboksi ya zamani. Giaboksi isipoingia yote kwa mkono, usiivute kwa bolti. Kuna kitu hakijakaa sawa, na utavunja pleti. Wala usiiache ining'inie kwenye klachi wakati umeenda kula. Bolti za hedi na za flaiwili zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mkono wangu una miaka zaidi ya 25 kwenye kazi hii na bado siuamini kwa hizo.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili, jaza maji yaliyochanganywa na kulanti. Kama ina tabo, mimina oili kidogo kwenye tundu lake la juu. Vuta waya wa kuzimia, zungusha starta sekunde kumi, pumzika, rudia, hadi geji ionyeshe presha. Hapo ndipo uachie dizeli.

Mtu mmoja asimame kwenye mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao bapa. Pampu iliyofungwa vibaya inaweza kukimbiza injini isisikie kuzimwa, na dawa yake ni kuinyima hewa. Ubao, si kiganja.

Ikiwaka, iache itulie, usiikanyage kumfurahisha tajiri anayerekodi video. Sikiliza, nusa, mulika chini. Hewa ikitoka kwenye rejeta maji yatashuka, ongeza. Ikipata moto zima, iache ipoe, kagua oili na maji upya. Kisha lipeleke mlimani likiwa tupu na wewe mwenyewe ukiwa ndani, urudi, ushike mabomba yote. Safari ya kwanza na mzigo iwe ya karibu. Akirudi, kaza tena maunting na klipu za mipira, zitakuwa zimelegea.

Injini ya zamani nayo usiitupe. Starta, altaneta, hata krenki ikipimwa na kukutwa nzima, ina mteja. Ile ya pili, niliyoiua mimi kwa rejeta, bloku lake lipo mlangoni mwa gereji. Tumelifungia vaisi juu, na kijana mpya akija kuomba kazi ndipo anapoanza kunoa patasi.